Mkojo Unaotoka kwa Kikohozi: Kuvuja kwa Shinikizo Baada ya Hedhi Kukoma na Kizazi Kuondolewa

Kuvuja mkojo kwa shinikizo ni hali ambayo mkojo hutoka bila hiari pale msukumo wa ndani ya tumbo unapopanda ghafla, kama vile mtu anapokohoa, anapopiga chafya, anapocheka kwa nguvu, anapopiga vigelegele, anapojitwika ndoo ya maji au anaponyanyuka kutoka mkekani, na kinachoitofautisha na aina nyingine za kuvuja ni kwamba haja ya kukojoa haitangulii: mkojo hutoka kwanza, na mwenyewe hutambua baadaye. Kwa wanawake waliokwisha kukoma hedhi, na hasa wale walioondolewa kizazi kwa sababu ya uvimbe wa fibroidi, damu isiyokoma au kizazi kilichoshuka, hali hii huonekana mara nyingi kiasi kwamba wenyewe, jamaa zao na wakati mwingine hata wahudumu wa afya huihesabu kuwa ni uzee tu, jambo la kufichwa chini ya kanga ya pili na kuvumiliwa. Hesabu hiyo haina msingi, kwa kuwa kinacholegea katika hali hii ni viungo vichache vinavyojulikana, ambavyo kimoja baada ya kingine vinaweza kupimwa, na walau vingine kati yake vinaweza kurudishiwa nguvu hata kwa mwanamke mwenye miaka 70.

Kibofu cha mkojo kimekaa nyuma ya mfupa wa kinena, na kwa mtu mzima hubeba kiasi cha mililita 400 hadi 500 kabla ya haja kuwa kubwa. Mkojo hutoka humo kwa mrija ambao kwa mwanamke una urefu wa sentimita 4 hivi, na mrija huo umelazwa juu ya ukuta wa mbele wa uke, ukuta ambao nao umeshikiliwa pande zote mbili na utando mgumu wa nyuzi pamoja na misuli ya sakafu ya nyonga, yaani misuli iliyotandazwa kutoka mfupa wa kinena mbele hadi kifandugu nyuma, ikibeba kibofu, kizazi na sehemu ya mwisho ya utumbo mpana. Mwaka 1994 John DeLancey, daktari wa wanawake wa Chuo Kikuu cha Michigan nchini Marekani, alieleza kwamba mtu anapokohoa, msukumo unaoshuka kutoka tumboni huubana mrija dhidi ya tabaka hilo la chini, na kwamba uimara wa tabaka ndio unaoamua kama mrija utafungika au la. Ndivyo ilivyo kwa mpira wa kumwagilia maji unaokanyagwa: ukiwa juu ya sakafu ya saruji maji hukatika mara moja, lakini ukiwa juu ya mchanga laini mguu huuzamisha tu na maji yakaendelea kupita.

Hata hivyo tabaka la chini si mlinzi wa pekee. Mrija wenyewe umezungukwa na msuli wa duara ambao hubaki umebana muda wote pasipo mtu kuufikiria, na ndani yake umevikwa utando laini wenye mishipa mingi ya damu, ambao kwa unene na unyevu wake huziba nafasi ndogo zinazosalia. Utafiti wa DeLancey na wenzake uliochapishwa mwaka 2008 ulionyesha kwamba kudhoofika kwa nguvu ya kufunga ya mrija huo kunawatofautisha wanawake wanaovuja na wasiovuja kwa kiasi kikubwa zaidi kuliko kulegea kwa tabaka la chini, jambo lililowashangaza wapasuaji wengi waliokuwa wamezoea kuamini kwamba kazi yao ni kuinua kilichoshuka. Kwa sababu hiyo wanawake wawili wenye malalamiko yaleyale wanaweza kuwa na kasoro mbili tofauti, na tiba iliyomfaa jirani isimfae mwingine.

Kukoma kwa hedhi, ambako hutambuliwa baada ya miezi 12 mfululizo bila hedhi na ambako kwa wanawake wengi hutokea karibu na umri wa miaka 50, hupunguza homoni ya estrojeni inayotengenezwa na mifuko ya mayai. Uke, mrija wa mkojo na sehemu ya chini ya kibofu vina vipokezi vya homoni hiyo, hivyo inapopungua utando wa ndani huwa mwembamba na mkavu, mishipa yake ya damu hupungua, na maambukizi ya njia ya mkojo hupata nafasi kwa urahisi zaidi. Mabadiliko hayo hukutana na mengine yasiyotokana na homoni: nyuzi za msuli wa duara hupungua kadiri miaka inavyosonga, na majeraha ya zamani ya uzazi, hasa misuli iliyonyofoka au mishipa ya fahamu iliyovutwa wakati mtoto akipita, ambayo mwili wa miaka 30 uliweza kuyafidia, huanza kujitokeza wakati ambapo hakuna tena cha kuyafidia. Ndiyo maana mwanamke aliyezaa mara sita na asivuje hata tone kwa miaka 20 huweza kuanza kuvuja akiwa na miaka 53, akashindwa kuona uhusiano wowote kati ya hali hiyo na uzazi wake wa kwanza.

Kuhusu kuondolewa kizazi, jambo la kwanza la kuweka wazi ni kwamba upasuaji huo hauleti ukomo wa homoni papo hapo isipokuwa mifuko yote miwili ya mayai imeondolewa pia. Mwanamke aliyeachiwa mifuko hiyo hukosa hedhi kwa sababu kiungo kinachotoa damu hakipo, ilhali homoni zake huendelea, ingawa ukomo wake unaweza kufika mapema kidogo kuliko ambavyo ungefika. Yule aliyeondolewa vyote kabla ya umri wa kawaida huingia katika upungufu wa estrojeni ghafla, na mara nyingi dalili zake huwa kali zaidi. Ni haki ya kila mgonjwa kujua, kwa maandishi katika cheti chake cha kuruhusiwa, ni viungo gani vilivyotolewa, kwa kuwa miaka 10 baadaye taarifa hiyo ndiyo itakayomwongoza daktari mwingine, na ni jambo la kusikitisha kwamba wanawake wengi hutoka wodini wakijua tu kwamba wamesafishwa.

Upasuaji wenyewe huweza kugusa uzuiaji wa mkojo kwa njia mbili. Kizazi hushikiliwa na kano zinazotoka kwenye kuta za nyonga na mfupa wa chini ya mgongo, na kano hizo, ambazo husaidia pia kushikilia sehemu ya juu ya uke, hukatwa ili kizazi kitoke. Kisha kibofu hulazimika kubanduliwa kutoka kwenye shingo ya kizazi, mahali ambapo mishipa midogo ya fahamu inayokihudumia hupita. Uchunguzi mkubwa uliofanyika Sweden na kuchapishwa mwaka 2007 katika jarida la Lancet ulilinganisha wanawake zaidi ya 165,000 walioondolewa kizazi kwa sababu zisizo za saratani na wengine karibu 480,000 wasioondolewa, kati ya mwaka 1973 na 2003, ukaona kwamba waliopasuliwa walikuwa na uwezekano wa mara 2.4 wa kuja kufanyiwa upasuaji wa kuvuja mkojo, na kwamba hatari ilikuwa kubwa zaidi katika miaka 5 ya mwanzo. Takwimu hiyo inastahili kusomwa kwa uangalifu, kwa sababu ilihesabu upasuaji wa kutibu kuvuja na si kuvuja kwenyewe, na mwanamke aliyekwisha kuzoea hospitali huenda akarudi huko upesi kuliko yule asiyewahi kulazwa. Zaidi ya hayo, wapo wanaopata nafuu ya mkojo baada ya uvimbe mkubwa uliokuwa ukikikandamiza kibofu kutolewa. Dhana kwamba kuiacha shingo ya kizazi mahali pake kungekiokoa kibofu nayo ilijaribiwa London, katika utafiti wa wanawake 279 uliochapishwa mwaka 2002, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya utendaji wa kibofu kati ya makundi mawili.

Kabla ya tiba yoyote ni lazima ijulikane ni kuvuja kwa aina gani, na hapa ndipo makosa mengi hufanyika. Kuvuja kwa haraka ni kule ambako haja kali hushika ghafla na mkojo kutoka kabla mtu hajafika chooni, kwa kuwa msuli wa kibofu hujikunja bila ruhusa. Wanawake wengi waliokoma hedhi wana aina zote mbili kwa pamoja, na tiba ya moja haiponyi nyingine. Kibofu kisichomwaga vizuri, kama kile cha mgonjwa wa kisukari cha muda mrefu, hujaa hadi kufurika na kudondosha mkojo kidogo kidogo. Lakini kinachopaswa kumshtua mhudumu kuliko vyote ni mwanamke anayesema kwamba tangu atolewe kizazi huloa mchana na usiku, amekaa au amelala, bila kukohoa wala kunyanyua kitu, kwa kuwa maelezo hayo yanaashiria fistula, yaani tundu lililojitokeza kati ya kibofu, au mrija unaoleta mkojo kutoka kwenye figo, na uke.

Katika Afrika Mashariki na Kongo fistula imezoeleka kuhusishwa na uchungu wa uzazi uliokawia, kwa hiyo mwanamke wa miaka 50 ambaye hajazaa kwa miaka 15 huweza kupitishwa bila mtu kumfikiria, ilhali jeraha la upasuaji ni chanzo kinachojulikana vyema na hujidhihirisha zaidi katika wiki ya kwanza au ya pili baada ya operesheni. Kipimo chake cha awali hakihitaji mashine: pamba kadhaa huwekwa ukeni, kibofu hujazwa maji yenye rangi ya buluu kupitia mpira wa mkojo, kisha pamba hutazamwa. Ikitoka na rangi, tundu liko kwenye kibofu. Ikitoka imeloa bila rangi, huenda jeraha liko kwenye mrija wa figo. Tundu dogo lililogunduliwa mapema huweza kujifunga lenyewe kibofu kikiachiwa mpira wa mkojo kwa wiki kadhaa, na lisilojifunga hushonwa na wapasuaji waliobobea, kama wale wa hospitali ya CCBRT jijini Dar es Salaam au ya Panzi mjini Bukavu. Mazoezi ya misuli yatakayoelezwa hapa chini hayazibi tundu, na kumpa mwanamke wa namna hiyo mazoezi ni kumpotezea miezi.

Kwa kuvuja kwa shinikizo kwenyewe, uchunguzi ni wa kawaida na unawezekana katika kituo cha afya. Mhudumu huuliza, na ni afadhali aulize yeye kuliko kusubiri, kwa kuwa swali fupi kama «Mama, mkojo hukutoka unapokohoa?» hufungua mazungumzo ambayo mgonjwa mwenyewe asingethubutu kuyaanza, hasa akiwa amesindikizwa na mkwe au mtoto wa kiume. Mkojo hupimwa ili kuondoa maambukizi na kisukari, mgonjwa hukohoa akiwa na kibofu kilichojaa huku mhudumu akitazama kama mkojo unatoka sambamba na kikohozi, na uke huchunguzwa kama kuna kuta zilizoshuka. Mgonjwa huombwa pia kuandika kwa siku tatu anachokunywa, saa anazokojoa na nyakati anazovuja. Asiyejua kuandika husaidiwa na mjukuu, au huchora alama. Damu katika mkojo, damu ya ukeni baada ya hedhi kukoma, mkojo kugoma kabisa au ganzi inayoteremka miguuni ni mambo yanayotaka daktari bila kuchelewa, na hayana uhusiano na mada ya makala hii isipokuwa kwamba hujificha nyuma yake.

Hatua inayofuata, ambayo husahaulika kwa sababu haina dawa ya kuandikwa, ni kupunguza msukumo unaoilemea sakafu ya nyonga. Kikohozi kisichoisha ndicho adui mkubwa, na katika nyumba zinazopikia kuni au mkaa ndani ya jiko lisilopitisha hewa, kikohozi hicho huwa na chanzo kinachoonekana kwa macho. Kifua kikuu nacho kipimwe kikohozi kinapozidi wiki mbili. Lipo pia jambo ambalo wagonjwa wa shinikizo la damu wachache huambiwa, nalo ni kwamba dawa za jamii ya enalapril na captopril huwaletea baadhi ya watumiaji kikohozi kikavu cha kudumu, na kwamba zile za jamii ya prazosin hulegeza msuli wa mrija wa mkojo. Mwanamke aliyeanza kuvuja wiki chache baada ya kubadilishiwa dawa ana sababu ya kurudi kliniki na kuomba aina nyingine, ingawa hana sababu ya kuziacha mwenyewe, maana kiharusi ni kibaya kuliko pedi.

Uzito wa mwili una ushahidi wa wazi kuliko mengi yanayosemwa kuhusu maradhi haya. Katika utafiti wa Marekani uliochapishwa mwaka 2009, wanawake 338 wenye uzito mkubwa waligawanywa makundi mawili, na wale waliosaidiwa kupunguza uzito, ambao kwa miezi 6 walipungua kwa wastani wa asilimia 8 ya uzito wao, walipata upungufu wa asilimia 47 wa nyakati za kuvuja kwa wiki, dhidi ya asilimia 28 kwa kundi lililopewa elimu tu. Mwenye kilo 90 hahitaji kufikia 60 ili aone tofauti. Kilo 7 zinatosha kuanzia. Kufunga choo na kujikamua kwa nguvu nako huivuta misuli ileile, na mboga, maharage, matunda na maji ya kutosha hufanya kazi ambayo hakuna upasuaji utakaoifanya. Baada ya kizazi kuondolewa wapasuaji wengi huagiza mgonjwa asinyanyue mizigo mizito kwa wiki 6 hivi, agizo ambalo ni jepesi kulitoa na zito kulitekeleza katika nyumba isiyo na bomba, na kwa hiyo linapaswa kusemwa mbele ya wale watakaochota maji kwa niaba yake, si mbele ya mgonjwa peke yake.

Katika jitihada za kujitibu, wanawake wa pwani na bara wamerithi mbinu kadhaa, na si zote zina madhara. Kukandwa maji ya vuguvugu hupoza maumivu. Kulifunga tumbo kwa mkaja kwa nguvu, hata hivyo, hakuinui sakafu ya nyonga, bali msukumo uliozuiwa mbele huelekea chini. Na shabu inayowekwa ukeni ili kubana hukausha na kuchubua utando ambao kwa mwanamke aliyekoma hedhi umekwisha kuwa mwembamba, bila kuigusa misuli hata kidogo. Kupunguza maji ya kunywa, ambako wengi hukuchagua kwanza, huufanya mkojo kuwa mkali, nao ukichokoza kibofu huongeza haja za ghafla. Afadhali mtu apunguze kahawa na chai ya rangi, ambazo kafeini yake huchochea kibofu, na aendelee kunywa maji kwa kiasi cha kuufanya mkojo uwe wa rangi ya manjano hafifu.

Tiba ya kwanza ya kuvuja kwa shinikizo ni mazoezi ya misuli ya sakafu ya nyonga, nayo yana historia inayofaa kujulikana kwa kuwa inaeleza kwa nini mara nyingi hushindwa. Mwaka 1948 Arnold Kegel, daktari wa wanawake aliyefanya kazi Los Angeles, alichapisha maelezo ya mazoezi hayo akiyaambatanisha na kifaa alichokibuni mwenyewe, kilichowekwa ukeni na kuonyesha kwenye saa yake nguvu ya mbano, ili mwanamke aone kwa macho kama anachokibana ndicho. Dunia iliyachukua mazoezi ikakiacha kifaa. Mwaka 1991 watafiti wa Marekani waliwachunguza wanawake 47 waliopewa maelekezo mafupi ya mdomo tu, wakakuta kwamba nusu hivi walibana ipasavyo, na kwamba robo walifanya jambo ambalo lingeweza kuzidisha kuvuja, yaani walisukuma chini badala ya kuvuta juu. Karatasi ya maelekezo inayogawiwa kliniki, kwa hiyo, haitoshi. Mkunga, muuguzi au mtaalamu wa fiziotherapia aliyefunzwa anapaswa kuhakikisha kwa kidole, mara moja tu, kwamba misuli inayobanwa ni ile inayotakiwa.

Namna ya kuitambua si ngumu. Mwanamke hulala chali huku amekunja magoti, kisha hujaribu kuzuia upepo usitoke njia ya haja kubwa na wakati huohuo kuzuia mkojo, akihisi sehemu zote mbili zikivutwa ndani na juu. Makalio, mapaja na tumbo la juu hubaki vimelegea, na pumzi haizuiwi. Kukata mkojo katikati ya kukojoa kunaweza kufanyika mara moja kama jaribio la kutambua misuli, lakini kusigeuzwe kuwa zoezi, kwa sababu hukizoesha kibofu kutomwaga mkojo wote. Wale waliochezwa unyago huenda wakafikiri kwamba kukata kiuno kunatosha, ilhali mwendo huo, pamoja na uzuri wake, hutumia zaidi misuli ya nyonga kwa nje na makalio, na mtu anaweza kuwa bingwa wa kiuno akavuja.

Baada ya misuli kutambuliwa, mwongozo wa taasisi ya NICE ya Uingereza unataka walau mibano 8, mara tatu kwa siku, kwa muda usiopungua miezi mitatu chini ya usimamizi. Kila mbano hushikiliwa kwa kadiri mtu anavyoweza, labda sekunde 3 mwanzoni, na kuongezwa polepole hadi kufikia 10, ukifuatwa na mapumziko ya urefu uleule, kisha mibano michache ya haraka huongezwa kwa kuwa kikohozi hakitoi notisi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa na mtandao wa Cochrane mwaka 2018 yalionyesha kwamba kati ya wanawake wenye kuvuja kwa shinikizo, asilimia 56 ya waliofanya mazoezi waliripoti kupona, dhidi ya asilimia 6 ya wasiofanya. Matokeo huanza kuonekana kati ya wiki ya sita na ya kumi na mbili, na kipindi hicho cha kazi isiyo na malipo ndicho ambacho wengi hukata tamaa. Aliyetoka kuondolewa kizazi huanza kwa mibano hafifu baada ya mpira wa mkojo kutolewa na mpasuaji kuridhia, na huongeza nguvu kadiri kidonda kinavyopona.

Ipo mbinu moja isiyohitaji kungoja miezi. Mwaka 1998 watafiti wa Michigan waliwafundisha wanawake wazee waliokuwa wakivuja kubana misuli hiyo sekunde moja kabla ya kukohoa na kuishikilia hadi kikohozi kipite, na ndani ya wiki moja kiasi cha mkojo uliotoka kilipungua mno, ingawa misuli yenyewe haikuwa imepata muda wa kukua. Kilichobadilika kilikuwa wakati wa kubana. Mbinu hiyohiyo hutumika kabla ya kujitwika ndoo, kabla ya kunyanyua mchi kwenye kinu na kabla ya kuinuka kitini, na baada ya muda mwili huifanya bila kuambiwa.

Kuhusu homoni, mantiki ya haraka ingesema kwamba kwa kuwa upungufu wa estrojeni umechangia, vidonge vya estrojeni vitatibu. Ushahidi umekataa. Utafiti wa Marekani uitwao Women's Health Initiative, katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2005 kutoka kwa kundi la wanawake zaidi ya 27,000 waliokoma hedhi, ulionyesha kwamba miongoni mwa wale ambao hawakuwa wakivuja, waliomeza estrojeni walianza kuvuja kwa shinikizo kwa kiwango cha karibu mara mbili au zaidi ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Estrojeni ya kuwekwa ukeni, kwa krimu au kidonge kidogo, ni jambo tofauti: dozi yake ni ndogo, hubaki zaidi mahali pake, huurudishia utando unyevu, na hupunguza ukavu, maumivu ya tendo la ndoa, haja za ghafla na maambukizi ya mara kwa mara. Haiponyi kuvuja kwa shinikizo peke yake, na aliyewahi kuugua saratani ya matiti huitumia tu baada ya kushauriana na daktari wake wa saratani. Dawa ya duloxetine iliruhusiwa Ulaya mwaka 2004 kwa maradhi haya, ila kichefuchefu huwafanya wengi waiache.

Wakati tiba ikisubiriwa, maisha yanaendelea, na yapo mambo madogo yenye uzito. Pedi za hedhi zimetengenezwa kwa ajili ya damu na hulowa upesi kwa mkojo; zile za mkojo ni bora lakini ni ghali, na kitambaa cha pamba kinachofuliwa kwa sabuni na kuanikwa juani kinafaa vyema kikibadilishwa mapema, huku ngozi ikioshwa kwa maji matupu na kupakwa mafuta ya mgando. Kipete cha silikoni kinachovaliwa ukeni ili kuinua ukuta wa mbele huwasaidia baadhi, hasa wale ambao kuta zao zimeshuka. Kwa Waislamu, ambao rukuu na sijda huongeza msukumo wa tumbo, shaka ya udhu huwafanya wengine waache kwenda msikitini au kwenye hitima, ilhali fikihi imelishughulikia jambo hili tangu zamani: katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na wengi wa pwani, mwenye kutokwa na mkojo mfululizo hujisafisha, hujifunga kitambaa, hutawadha baada ya wakati wa swala kuingia na kuswali, na yule anayepata nafasi kavu ya kutosha swala hutakiwa kuitumia. Mwanamke anayevuja kwa kukohoa tu huwa katika kundi la pili mara nyingi, na maelezo ya daktari kuhusu aina ya kuvuja kwake humsaidia sheikh au ustadhati kumjibu kwa usahihi.

Upasuaji hubaki kwa yule ambaye mazoezi ya miezi mitatu yaliyosimamiwa hayakumfaa na ambaye kuvuja kunamsumbua kiasi cha kukubali hatari zake. Mwaka 1961 John Burch wa Marekani alieleza njia ya kuushona ukuta wa uke kando ya mrija na kuuning'iniza kwenye kano zilizo nyuma ya mfupa wa kinena, njia inayoendelea kutumika. Mwaka 1996 Ulf Ulmsten wa Sweden, akijenga juu ya nadharia aliyoiunda pamoja na Peter Petros wa Australia, alitangaza operesheni fupi ya kupitisha mkanda mwembamba wa wavu wa plastiki chini ya katikati ya mrija, na kati ya wagonjwa wa mwanzo waliochunguzwa miaka 17 baadaye zaidi ya asilimia 90 walikuwa hawavuji walipopimwa. Hata hivyo wavu ulipoenea duniani, wapo walioumia vibaya, kwa maumivu ya kudumu na plastiki kuchomoza ukeni, na mwezi Julai 2018 Uingereza ilisimamisha matumizi yake kwa kuvuja mkojo hadi masharti ya usalama yatimizwe. Ripoti ya mwaka 2020 ya uchunguzi ulioongozwa huko na Baroness Cumberlege iliwalaumu wale waliopuuza malalamiko ya wanawake kwa miaka mingi. Mkanda unaotengenezwa kwa utando wa mgonjwa mwenyewe, uliochukuliwa tumboni au pajani, hauna plastiki lakini unadai kidonda cha ziada, na sindano za kuujaza ukuta wa mrija ni nyepesi ila nguvu yake huisha na hulazimu kurudiwa.

Mwanamke anayependekezewa operesheni yoyote kati ya hizi anastahili kumuuliza mpasuaji amezifanya ngapi, kama kitakachowekwa ni plastiki au utando wake mwenyewe, na kama kinaweza kutolewa. Aulize pia kuhusu matokeo mawili ambayo hutajwa kwa sauti ya chini: baadhi hushindwa kukojoa siku za mwanzo na kulazimika kutumia mpira wa mkojo kwa muda, na wengine, ingawa kikohozi hakiwaloweshi tena, huanza kushikwa na haja za ghafla ambazo hawakuwa nazo. Tatizo hilo la pili hutibiwa kwa kukifunza kibofu, yaani kuongeza muda kati ya kukojoa mara moja na nyingine kidogo kidogo kwa wiki 6, na kwa dawa za kukituliza pale inapobidi.